Kina

Baba alishika kazi, mwaka mto ulijaa,
maji yakapanda ngazi, mlangoni yakakaa;
pasi hofu na ajizi, kalamu akaitwaa:
mita sita waziwazi, wino mbichi ukang'aa.

Nami nikarithi buti, rula, taa, daftari,
kibanda cha udongo kando ya Amudarya, na mforosadi mmoja.
Kila saa mbili asubuhi nashuka, nasoma, naandika.
Baridi ikiuma, naandika. Ni ajira, si ushairi.

Sikuona kitu. Niwe mkweli.
Siku haionyeshi. Jana na leo ni mapacha,
wiki hudanganya, mwaka humtetea mwenzake.
Tisini na nane mafuriko yalirudi,
tukachinja kondoo, jirani yangu Qallibek akacheza
hadi kofia yake ikachukuliwa na maji,
tukasema: mmeona? Ilikuwa ndoto mbaya tu.
Mwaka mmoja mnono ni mgeni, si mwenyeji.

Lakini nguzo ya kupimia tumeihamisha mara saba,
kila mara hatua kadhaa, kuufuata mto,
kama mtu asogezaye kiti karibu na kitanda
kadiri sauti ya mgonjwa inavyofifia.

Haba na haba hujaza kibaba, watu husema.
Hawasemi kwamba haba na haba humwaga.

Juzi alikuja Ayapbergen kutoka Nukus, kijana wa takwimu,
na kompyuta iliyofungwa kwa plasta.
Siku nne alinakili, mimi nikimmiminia chai:
miaka hamsini na minane, mwandiko wa baba kisha wangu.
Pembezoni tulikuwa tumeandika mengine.
Forosadi imechanua siku tisa mapema.
Chumvi juu ya pamba, nyeupe kuliko pamba.
Kambare wa mwisho? (Alama ya kuuliza ni yangu.)
Hayo hakuyanakili. Hayana safu.

Akabonyeza. Mistari miwili ikatokea,
mwekundu wa joto ukipanda, wa buluu ukishuka,
ikapishana katikati ya kioo
kama watu waliokosana njiani.
Umri wa baba na umri wangu: upana wa kiganja.
Alisema barafu kule juu, milima ya Pamiri,
inatulisha sasa kwa akiba yake,
na kila kiangazi inakula mtaji.
Huku chini hata huo mkopo haufiki.
Mifereji hunywa kwanza, nasi tunapokea risiti.

"Machi sabini na nne," akasema, "hamna kitu,
siku kumi na saba. Nitajaza kwa wastani."

Nikamshika mkono.
Siku hizo mama alikuwa akikata roho
na baba hakushuka mtoni.
Maji yalipita bila kupimwa,
mengi au machache, shauri yake.
Acha pengo, mwanangu.
Katika daftari hili lote ndilo pekee
ambamo mto bado unaweza kuwa umejaa.

Akaliacha. Au alinidanganya; sikuangalia tena.

Leo saa mbili nimeshuka.
Nguzo ya saba imezama mchangani hadi gotini.
Mende mweusi anaiparamia, sentimita kwa sentimita,
akielekea mita sita ya baba.
Nimemsubiri kidogo. Amechoka, akageuka.

Nimeandika sifuri, nukta, sifuri, sifuri,
kwa sababu sifuri nayo ni kipimo
na aliyekuja kazini haachi nafasi wazi.
Pembezoni: upepo wa kaskazini, vumbi, kina hakuna.

Nimetia sahihi. Biybisara, binti Erejep.
Buti zangu ni kavu.
Nimezipangusa hata hivyo.